Wananchi hawaji kwenye mikutano yetu, nianzie wapi?

Swali limetoka kwa dada anayefanya kazi halmashauri, nalifupisha. Amepewa jukumu la kuongeza ushirikishwaji wa wananchi. Mikutano inaitwa kila robo mwaka lakini wanaokuja ni walewale kumi na tano, vijana hawaonekani kabisa, akina mama wakija wanakaa nyuma kimya, na wakubwa zake wanasema shida ni uelewa mdogo wa wananchi, kwa hiyo itolewe elimu kwa umma halafu itengenezwe programu ya simu ya kukusanya maoni. Anauliza aanze na kipi, elimu au hiyo programu.

Dada yangu, usianze na chochote kati ya hivyo viwili.

Nimefanya kazi hii ya kukaa katikati ya ofisi na wananchi miaka mingi, na kila nilipokuta ukumbi mtupu, nikienda kukaa na watu wa eneo hilo nje ya mkutano nakuta wanaelewa vizuri tu, wanajua bajeti inapitishwa lini, wanajua tenda kapewa nani, wanajua mwaka juzi walisema nini kwenye mkutano na baada ya pale kikafanyika nini, na mara nyingi hakikufanyika kitu. Mtu anayeacha shughuli zake kwa saa tatu nzima anapiga hesabu zake. Akiona kwamba aende asiende matokeo ni yaleyale, haendi. Huyo usimwambie hana uelewa, ameelewa kabisa.

Kwa hiyo swali la kwanza linaihusu ofisi yako kabla ya kuwahusu wananchi: kuna uamuzi gani ambao bado haujafanywa? Chukua ajenda ya mkutano ujao, pitia kipengele kimoja kimoja, kila mahali jiulize, wakikataa hapa nini kitabadilika? Kama jibu ni hakuna kitakachobadilika, hicho kipengele ni taarifa, kiite taarifa, kibandike kwenye ubao wa matangazo au kisome kwa dakika tano watu wakisikie, na wala hakuna ubaya kwenye kutoa taarifa, watu wana haki ya kujua pesa zao zinaenda wapi. Ubaya ni kumwita mtu kwenye "maoni" wakati unachotaka kwake ni sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio.

Ngoja nikusimulie kitu nilichokiona kwa macho yangu. Nilialikwa kuendesha mkutano wa kuchagua mtaro wa maji ya mvua upite wapi, upande wa juu wa makazi au wa chini. Mchoro mkubwa ulitundikwa ukutani, mhandisi akaeleza vizuri sana, nikafungua mjadala. Mama mmoja akanyanyuka kutoka nyuma, hakusema neno, akaenda mpaka kwenye mchoro akainama pale kona ya chini upande wa kulia, akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti: umeidhinishwa, na tarehe. Tarehe ilikuwa ya wiki mbili nyuma. Akageuka akaniuliza mimi, sio mhandisi, "sasa sisi tumeitiwa nini?" Sikuwa na jibu, kwa kweli na mimi sikuwa nimeambiwa. Watu hawakupiga kelele, walianza kutoka mmoja mmoja, na ndani ya robo saa tulibaki na wale wa ofisi na wazee wawili. Ofisi ile ilikaa muda mrefu sana bila kupata tena watu wa kujaza hata viti vya mbele, na kwenye ripoti sababu iliyoandikwa ilikuwa mwamko mdogo wa jamii.

Hili la muda, yaani watu waitwe wakati jambo bado liko wazi, sio wazo langu. Uingereza mwaka 1985 kulikuwa na kesi inaitwa Gunning, ya mambo ya kufunga na kuunganisha shule dhidi ya halmashauri ya Brent, London, na pale ndo yakawekwa masharti manne ambayo mahakama zao zinayatumia mpaka leo, na mahakama yao ya juu kabisa ikayakubali tena mwaka 2014. Watu waulizwe wakati pendekezo bado ni changa, wapewe sababu za kutosha kiasi kwamba wanaweza kulichambua, wapewe muda wa kufikiri na kujibu, na walichosema kizingatiwe kwa dhati kabla ya kuamua. Mkataba wa Aarhus wa mwaka 1998 unaohusu mambo ya mazingira unasema hivyohivyo, ushiriki uanze mapema, machaguo yote yakiwa bado wazi, na uamuzi ukishatoka utangazwe pamoja na sababu zake. Hayo masharti manne ya Gunning yaandike kwenye karatasi ubandike juu ya meza yako. Siku wakubwa zako wakikwambia itisha mkutano, wewe soma lile la kwanza.

Sasa kuna watu watakuletea ile ngazi ya ushirikishwaji ya Mmarekani Sherry Arnstein ya mwaka 1969, ina vipandio 8, chini kabisa ni kuwachezea wananchi akili na juu kabisa ni wananchi kushika usukani wenyewe, na watakwambia usipofika juu hujafanya kitu. Ngazi ni nzuri kwa kujipima, lakini sikubaliani na hao wanaotaka kila jambo lipande mpaka juu. Kuna mambo wananchi hawataki kuyaamua, hawataki kuchagua unene wa bomba la maji, wanataka maji yatoke. Muhimu ni uwaambie mapema na kwa uwazi hapa mko kwenye kipandio gani. Leo tunawapa taarifa tu, leo tunaomba maoni na uamuzi utafanywa na baraza, leo uamuzi ni wenu kabisa. Watu wanavumilia kupewa nafasi ndogo kama umewaambia ni ndogo, wasichovumilia ni kuahidiwa kikubwa halafu wakute kilikuwa kidogo.

Sehemu ya pili ndo moyo wa jibu langu, mrejesho. Kama una nguvu ya kufanya kitu kimoja tu mwaka huu fanya hiki.

Watu wakisikia bajeti shirikishi wanataja Porto Alegre, Brazil, ule mji ulioanza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue sehemu ya bajeti ya maendeleo, na wanapenda kutaja ile miaka mizuri, mahudhurio kutoka chini ya watu 1,000 mwaka 1990 hadi kama 40,000 mwaka 1999, na nyumba zenye maji na mfumo wa majitaka kutoka asilimia 75 mwaka 1988 mpaka asilimia 98 mwaka 1997. Wachache wanasimulia mwanzo wake, na mwanzo ndo unaokuhusu wewe. Utawala mpya uliingia ukakuta karibu mapato yote yanaishia kwenye mishahara, hela ya kujenga hakuna, watu walikuja wakataja mahitaji yao chungu nzima na yaliyotekelezwa yakawa machache mno, basi baada ya hapo wengi wakakata tamaa. Kilichowarudisha ni kwamba mji ulirekebisha kodi zake, pesa ikapatikana, lami na mabomba vikaanza kuonekana kwenye mitaa iliyoomba lami na mabomba. Mtu wa mtaa wa jirani akaona kwa macho, akasema kumbe ukienda unapata, mwaka uliofuata akaja na wenzake. Matangazo yasingeweza kufanya kazi hiyo.

Pia walikuwa na kanuni ya kugawa pesa ambayo kila mtu anaijua, eneo lenye upungufu mkubwa wa huduma linapata alama zaidi, idadi ya watu nayo inahesabiwa, na kipaumbele walichochagua wakazi wenyewe kinahesabiwa, kwa hiyo mtu akikosa anaweza kukaa akapiga hesabu mwenyewe akaona kakosa kwa nini. Miaka mingi baadaye miradi iliyopigiwa kura ikaanza kurundikana bila kujengwa, na mwaka 2017 utaratibu mzima ukasimamishwa. Mji uleule, watu walewale. Kura ikiachana na utekelezaji, kinachobaki hakimvutii mtu.

Kwako wewe ambaye labda huna bajeti ya kugawa, mrejesho unaanza na karatasi. Ninayotumia mimi ina safu tatu tu. Mlisema, tumeamua, sababu. Mfano, mlisema kituo cha afya kifunguliwe saa moja asubuhi badala ya saa mbili, tumeamua ndiyo kwa siku mbili za wiki, sababu wahudumu waliopo hawatoshi zamu ya siku zote, tutaliangalia tena baada ya miezi sita. Mlisema taa ziwekwe njia ya shule, tumeamua hapana kwa mwaka huu, sababu pesa yote ya taa imeenda kwenye makutano yenye ajali, na orodha ya hayo makutano hii hapa. Karatasi inabandikwa palepale mkutano ulipofanyika, ndani ya siku thelathini, na jina la ofisa na namba ya ofisi chini yake. Maofisa wengi wanaogopa hiyo safu ya pili kwa sababu ya zile hapana, wanahisi wakiandika hapana watatukanwa. Nimebandika karatasi hizi mara nyingi, na nilichokiona ni kwamba hapana yenye sababu inaleta watu wabishi kwenye mkutano unaofuata, na mbishi aliyekuja na hoja ndo mtu unayemhitaji. Ukimya ndo unaofukuza watu.

Ukitaka kuona jambo hili limewekwa kwenye sheria, iangalie jumuiya inayozungumza Kijerumani kule mashariki mwa Ubelgiji. Tangu mwaka 2019 wana baraza la kudumu la raia 24 waliopatikana kwa bahati nasibu, hao wanachagua mada, halafu makundi mengine ya raia yanakaa kuijadili hiyo mada na kutoa mapendekezo, na bunge lao linalazimika kuyajadili na kujibu, likikataa pendekezo linatoa sababu. Wabunge hawakulazimishwa kukubali, walilazimishwa kujibu. Hilo hata halmashauri ndogo kabisa inaweza kulipitisha kwa kanuni moja ya kikao.

Sasa nije kwenye swali lako la nani anakuja na nani haji. Hao kumi na tano wako usiwadharau, naomba hilo, maana nimeona maofisa wanawaita walalamishi wa kudumu wakati ndo watu pekee waliokuwa wavumilivu. Ila hawawezi kusimama badala ya wote, na mkutano wa wazi kwa asili yake unamfaa mwenye muda, mwenye sauti, mwenye kuzoea kusimama mbele za watu. Akina mama unaosema wanakaa nyuma, je mkutano ni saa ngapi? Na watoto wanaachiwa nani? Mimi huwa nawagawa watu kwenye vikundi vidogo vya watu sita sita, akina mama peke yao kwanza, vijana peke yao, halafu kila kikundi kinaleta hoja zake zilizoandikwa tayari, yaani hoja inafika mbele kabla ya mtu, na hapo utashangaa, wale waliokaa nyuma kimya ndo wenye orodha ndefu na sahihi kuliko wote. Kwa vijana usiwasubiri ukumbini, nenda walipo, kiwanjani, chuoni, kwenye foleni, na uende na swali moja lenye jibu linaloonekana haraka. Usiwaulize vijana wanataka mji gani miaka ishirini ijayo kama hujawaulizia kiwanja chao kinachojaa maji leo.

Kwa mambo mazito zaidi, kuwapata washiriki kwa bahati nasibu ni njia nzuri kuliko watu wanavyodhani. Gdańsk, Poland, walipata mafuriko makubwa Julai 2016, baada ya hapo mji ukaitisha bunge la wananchi, watu kama 60 waliochaguliwa kwa nasibu kwa kuzingatia umri, jinsia, elimu na eneo, wakakaa siku kadhaa na wataalamu kujifunza mambo ya maji, na meya Paweł Adamowicz akaahidi mapema kwamba pendekezo likiungwa mkono na asilimia 80 yao atalitekeleza. Angalia mpangilio wake, ahadi ilitangulia, mkutano ukafuata. Mtu anayepokea barua ya kuitwa hali ahadi iko wazi anajua safari yake sio ya bure.

Halafu kuna eneo ambalo maofisa wengi wanalisahau kabisa, kusimamia huduma ambazo tayari zipo. Ushirikishwaji sio lazima uwe wa bajeti na mipango mikubwa, mara nyingi mwananchi anakerwa na dawa kuisha, mhudumu kuchelewa, maji kukatika bila tangazo. Uganda kulifanyika utafiti kwenye vituo 50 vya afya, ukachapishwa mwaka 2009. Wananchi walipewa kadi ya taarifa ya kituo chao, kinafanyaje kazi ukilinganisha na vingine, wakakaa wao kwanza, wahudumu nao wakakaa peke yao, halafu pande mbili zikakutana na kuandikiana nani atafanya nini na lini, na wananchi wakawa wanafuatilia. Baada ya mwaka mmoja wagonjwa wa nje waliofika kutibiwa waliongezeka kwa asilimia 20 na vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilipungua kwa theluthi moja. Lakini nakuomba usiishie hapo kama wengi wanavyofanya, kwa sababu utafiti mwingine mkubwa zaidi uliokuja baadaye nchini humohumo, wenye vituo zaidi ya 300, haukuona vifo vikipungua, ingawa huduma yenyewe kuna mahali iliboreka. Mimi nasoma hivi: kukaa mezani na kuandikiana kunasaidia, ila hakuleti dawa kwenye rafu kama dawa haijanunuliwa, na hakuongezi muuguzi.

Mfano wa pili naupenda zaidi maana unaonesha mpaka uko wapi. Indonesia, mtafiti Benjamin Olken alifuatilia barabara za vijiji zaidi ya 600, na alichofanya ni kuchimba, timu yake ilitoboa barabara zenyewe kupima mchanga na mawe yaliyomo, wakalinganisha na yaliyoandikwa kwenye vitabu vya hesabu. Baadhi ya vijiji viliambiwa mapema kwamba hapa ukaguzi wa serikali ni lazima, vingine vikagawiwa barua nyingi za mwaliko ili watu wengi zaidi waje kwenye mikutano ya kusomewa hesabu. Ukaguzi ulipunguza pesa zinazopotea kwa pointi 8 za asilimia. Mialiko ilileta watu kweli, wakaongea kweli, lakini kwa jumla upotevu haukupungua kiasi cha kuonekana. Pale ambapo mkutano ulisaidia ni kwenye malipo ya vibarua, kwa sababu kibarua anajua alifanya kazi siku ngapi na kalipwa siku ngapi. Kwenye vifaa hakukuwa na badiliko, maana nani anaweza kuangalia barabara iliyoshindiliwa akajua ndani kuna mawe kiasi gani?

Kwa hiyo wape wananchi kazi ya kusimamia kile wanachokiona kwa macho yao, mwalimu yupo au hayupo, dirisha la dawa lilifunguliwa saa ngapi, kibarua kalipwa au bado, taka zimezolewa siku gani. Hayo hakuna mkaguzi atakayeyajua kuliko wao. Yale yaliyofukiwa chini ya lami au ndani ya ankara mwachie mkaguzi, na kazi ya wananchi hapo ni kudai ripoti yake isomwe hadharani. Ukiwabebesha kamati ya wananchi wakague mkataba wa ujenzi bila kuwapa mtu wa kuwasaidia, mkandarasi akishaiba lawama zitawaangukia wao, kwamba si mlikuwepo, mlisaini. Nimeona kamati ya watu waaminifu kabisa ikivunjika kwa aibu ya aina hiyo na hakuna aliyekubali tena kuchaguliwa.

Kuhusu programu ya simu nitasema kwa kifupi. Zipo zinazofanya kazi, kwa mfano FixMyStreet ya Uingereza ilianza mwaka 2007, mtu anaripoti shimo barabarani, ripoti inakwenda kwenye halmashauri husika na inabaki hadharani, kila mtu anaona imejibiwa au la. Nguvu yake iko kwenye huko kubaki hadharani. Programu inayopokea maoni na kuyameza ni sanduku la maoni lilelile la ukutani, na huko ndani ya masanduku nimewahi kukuta barua za miaka mitatu hazijafunguliwa kwa sababu ufunguo alikuwa nao mtu aliyehama. Kabla ya kutengeneza programu tafuteni kwanza nani atajibu, kwa siku ngapi, na asipojibu nani ataulizwa. Mkishapata majina hayo mnaweza kuanza hata na daftari.

Najua wewe sio unayeamua, na wakubwa zako wanataka elimu kwa umma. Usigombane nao. Omba jambo moja tu, dogo, lenye pesa ndogo na uamuzi ambao bado haujafanywa, mahali pa kuweka bomba, ratiba ya kuzoa taka, matumizi ya chumba kilichobaki wazi, na uombe kwa maandishi kwamba watakachoamua wakazi ndo kitakachofanyika ndani ya mipaka mliyoitaja mapema. Diwani mwambie kabla, tena mwite asimame mbele, maana akihisi amezungukwa atalikwamisha, yeye alichaguliwa na anaona hii ni kazi yake. Hofu yake ina msingi, usiipuuze.

Na kabla ya mkutano huo rudi kwenye mihutasari ya mikutano ya mwaka uliopita, chambua kila kilichoombwa, tafuta majibu yake ofisi kwa ofisi hata ikikuchukua wiki tatu. Siku ya mkutano usifungue na hotuba. Fungua na hayo majibu, umtaje aliyeomba kama yupo na ameridhia kutajwa, hata kama majibu yenyewe ni matano tu na matatu kati yake ni hapana. Watakuwepo walewale kumi na tano. Ongea nao hao.